Je, Kompyuta Ikizeeka Itupwe?



Naomba nafasi katika sehemu yetu ya Kiswahili niseme machache juu ya jambo ambalo naona linatupotezea fedha na heshima pia. Siku hizi mwanafunzi akiona kompyuta ya nyumbani kwao inakwenda polepole, husema upesi, "Imezeeka, haifai tena." Mimi nasema kwamba mara nyingi si uzee, bali ni uchafu na kutojali, na ya kuwa dawa yake imo mikononi mwetu wenyewe.

Nianze na yaliyotupata nyumbani. Kaka yangu alipopata kazi mjini alituletea kompyuta ya mezani iliyokwisha kutumika. Mama ni mwandishi wa chama cha akina mama wanaouza mawese hapa Magara, nami nikamwekea hesabu zao humo: nani ametoa mafuta kiasi gani, nani amekopa, nani amelipa. Mwaka wa kwanza ilikwenda vizuri. Mwaka wa pili ikaanza kulegea. Ukiiwasha asubuhi waweza kwenda kuchota maji na kurudi, nayo bado haijawa tayari. Basi tukaipeleka kwa fundi mmoja. Akatutoza faranga 50,000, na siku ya tatu akaturudishia mashine nyepesi kweli kweli, kwa sababu alikuwa amefuta kila kitu kilichokuwamo.

Hesabu za miaka miwili zikapotea. Mama alizunguka nyumba kwa nyumba kwa majuma mawili, akiwaomba wenzake wakumbuke walichotoa na walichokopa. Wawili hawakukubaliana na yale aliyoyaandika upya, na mpaka leo hawajarudi chamani. Na baada ya miezi minne mashine ikalegea tena kama kwanza. Fundi akasema, "Hii imekufa, nunueni nyingine."

Simlaumu fundi peke yake. Yeye hakutuuliza kama tunayo nakala, nasi hatukujua kwamba yafaa kuwa nayo. Hapo ndipo nilipoona haya. Baba yangu ni mvuvi. Injini ya mtumbwi wake ikikohoa, haipeleki mjini. Huifungua pale pale ufukweni, akaisafisha, akaifunga, na usiku yumo ziwani akitafuta ndagala. Nyavu zikipasuka hushona mwenyewe. Nami mwanawe, niliyesomeshwa miaka yote hii, nashindwa kufungua sanduku lenye skrubu nne?

Mwalimu wetu mmoja alinikopesha bisibisi na kunieleza mambo ya kwanza. Nayaandika hapa kwa faida ya wenzangu.

La kwanza ni nakala. Kabla ya kugusa chochote, nakili kazi zako zote katika flashi au diski ya nje, kisha uzifungue katika mashine nyingine uhakikishe kwamba zinasomeka. Asiyefanya hivi asifungue kompyuta ya mtu, hata iwe ya mama yake.

La pili ni vumbi. Ndani ya kompyuta mna feni inayopoza prosesa, yaani kile kipande kinachofanya hesabu zote. Feni ikizibwa joto hupanda, na prosesa hujipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue. Mwenye mashine hudhani imezeeka, kumbe yajiokoa. Yetu nilipoifungua nilikuta vumbi limeshikana kama kipande cha blanketi. Namna ya kusafisha ni hii: chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe, gusa chuma cha sanduku ili umeme ulio mwilini mwako utoke, kisha ondoa vumbi kwa brashi laini iliyo kavu, huku umeizuia feni kwa kidole isizunguke. Usitumie maji wala kitambaa chenye maji.

La tatu ni programu zinazoamka pamoja na mashine bila kuitwa. Kila programu tunayoiweka hupenda kujiandikisha iwe ya kwanza kuamka. Katika Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, ufungue sehemu iitwayo Startup, uzizuie zile usizozihitaji kila siku. Ile ya kukulinda na virusi iache. Katika kompyuta ya mama nilizikuta 14, na 11 kati yake hakuna mtu nyumbani aliyejua kazi yake.

La nne ni kumbukumbu na diski. Kumbukumbu, yaani RAM, ni kama meza ya kusomea, na diski ni kama kabati la vitabu. Meza ikiwa ndogo, itakubidi kila mara uinuke ukarudishe kitabu kimoja kabatini ndipo upate nafasi ya kingine. Kompyuta nayo hufanya vivyo hivyo, na kabati lake la zamani ni zito, maana ni sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kijiti kinachotafuta habari juu yake. Diski ya siku hizi iitwayo SSD haina kitu kinachozunguka, na kwa hiyo hutoa habari upesi mno. Kuibadili diski ya sahani kwa SSD ndiko kunakoifufua mashine ya zamani kuliko jambo jingine lolote. Kaka alituletea SSD ndogo, nami nikanunua RAM ya GB 4 iliyokwisha kutumika mahali pa ile ya GB 2. Mashine iliyokuwa ikichukua dakika 6 kuamka, sasa haichukui hata dakika 1.

Wengine watasema, "Hata ukiisafisha, Windows yake imekwisha muda." Ni kweli kwamba msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na ya kuwa Windows 11 hukataa mashine nyingi za zamani. Lakini si lazima kila mtu atumie Windows. Uko mfumo wa bure uitwao Ubuntu, ulioanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina hilo halihitaji kufasiriwa kwetu, maana hata kwa Kirundi ubuntu ni utu na ukarimu. Yuko na ndugu yake mwepesi zaidi, Lubuntu, ambaye ndiye niliyemweka katika kompyuta ya mama. Hesabu za mawese hazikujua tofauti.

Najua watakaonipinga. Wa kwanza watasema kwamba mtoto wa shule ataharibu. Nakubali kwamba kuna mahali pasipoguswa. Kile kisanduku kinachopokea umeme ndani ya kompyuta ya mezani usikifungue kamwe, kwa kuwa huweka umeme hata baada ya kuchomolewa. Betri ya kompyuta ya kupakata ikivimba, usiitoboe wala kuibonyeza. Iache kuitumia, umpelekee mwenye ujuzi. Kujua mpaka wa kazi yako ni sehemu ya kazi yenyewe. Lakini vumbi, programu na nakala vimo ndani ya mpaka wetu.

Wa pili watasema kwamba tunawanyang'anya mafundi riziki yao. Sivyo. Baba hushona nyavu zake, lakini mtumbwi ukipasuka ubavu humwita seremala. Tofauti ni kwamba seremala hawezi kumdanganya, kwa maana anazungumza na mtu anayeujua mtumbwi. Fundi mwema hapotezi kitu kwa mteja mwenye kujua.

Wala hili si jambo la nyumba moja tu. Tuwatazame majirani zetu wa ziwa hili hili. Mwaka 1965 Wizara ya Fedha ya Tanzania iliweka kompyuta ya kwanza nchini humo. Mashine zilinunuliwa kwa fedha nyingi, lakini wataalamu wa kuziendesha walikuwa wachache na wengi wao wageni. Kazi ya hesabu za serikali haikwenda kama ilivyotumainiwa, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, marufuku iliyokuja kulegezwa baadaye. Mimi najifunza hapo jambo moja: mashine iliyokuja bila mikono ya kuitunza huishia kuchukiwa, wala kosa si la mashine.

Basi nina maombi mawili. La kwanza ni kwa wakubwa wa shule yetu. Tunafundishwa kuandika na kupiga hesabu kwa kompyuta, lakini hatujafundishwa kamwe kuifungua. Naomba tupewe saa moja kila Jumamosi, na mashine moja mbovu ambayo haina la kupoteza, tujifunze juu yake. Ninyi mlio katika madarasa ya chini mtaijua mapema kuliko mimi niliyejifunza baada ya mama kulia.

La pili ni kwenu, kaka zetu mliotangulia, mlioko Bujumbura, Rumonge na ng'ambo. Mara nyingi mwauliza shule yahitaji nini, nasi twajibu, "Kompyuta mpya." Naona jibu hilo lina makosa. Kompyuta mpya isiyotunzwa itakuwa ya zamani baada ya miaka miwili katika vumbi na unyevu wa pwani yetu, na umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo. Tuleteeni bisibisi, brashi, SSD chache na RAM mlizoacha kuzitumia. Na yule kati yenu aliye fundi, atuletee Jumamosi yake moja.

Hesabu za chama sasa zimo mahali patatu: katika kompyuta, katika flashi afichayo mama sandukuni, na katika daftari. Wale wawili bado hawajarudi. Mama asema daftari lao liko wazi, na kila mwezi huandika majina yao na kuacha nafasi mbele yake.

Asiyekubaliana nami na aandike. Nangoja majibu.

Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, Magara