KUGAWA NA KUGAWANA

Mkutano mkuu uliopita wa chama chetu ulikaa muda wa saa mbili juu ya neno moja. Mweka hazina alipokwisha kusoma hesabu ya mfuko wa kusaidiana, na salio likaonekana kuwa si haba, mwanachama mmoja alisimama akasema, "Tugawane." Wengi wakapiga makofi. Wengine wakauliza, "Kwa kipimo gani?" wasijibiwe. Mwisho katibu akaandika kitabuni kwamba "salio ligawanywe kwa wanachama wote," tukatawanyika.

Jumatatu yake akaja ofisini mjane wa mwenzetu aliyefariki kabla ya mkutano. Aliuliza kwa adabu kama fungu la marehemu mumewe limo, maana alitoa mchango wake kila mwezi miaka kumi na mmoja. Hakuna aliyeweza kumjibu. Azimio letu halikuwa na neno lolote la kumjibu.

Sisi makarani riziki yetu ni kuandika maneno ya watu wengine yasipotee maana. Basi yatupasa kuona haya tukishindwa kuandika yetu wenyewe. Ndiyo sababu leo twapenda kuyatazama maneno haya moja moja.

Kugawa ni kazi ya mwenye kutoa: yuko mgawaji, na yuko mpewa. Kugawanya ni kukifanya kitu kimoja kuwa vipande, wala neno lenyewe halisemi vipande hivyo vitakwenda kwa nani. Kugawana ni jambo jingine. Hapo wanaogawa ndio hao hao wanaopokea, na asiyekuwapo hana mkono katika sahani. Yule aliyesema "Tugawane" hakuwa na nia mbaya, lakini neno lake lilikwisha kumtoa mjane nje ya mlango kabla hatujamkumbuka. Tena lipo gawia, ambalo halikubali kusimama peke yake. Ukisema "tumegawia," msikiaji atauliza mara moja, "Mmemgawia nani?" Hilo ndilo neno ambalo azimio letu lilikosa.

Mji wetu wa Tabora haukosi mafundisho katika jambo hili. Burton na Speke walipofika Kaze mwaka 1857, njia ya kutoka Bagamoyo hata Ujiji ilikuwa imekwisha kuwa njia ya wapagazi, na wapagazi walio wengi walikuwa Wanyamwezi. Posho ya mpagazi ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, na vibaba vinne vilikuwa pishi. Lakini kibaba kilikuwa cha namna mbili: kibaba cha tele, kilichojazwa mpaka kikafanya kichuguu juu, na kibaba cha mfuto, kilichofutwa kikawa sawa na ukingo. Jina ni moja, na tofauti yake yaonekana tumboni. Mtu aliyeahidiwa "kibaba" tu hakujua bado ameahidiwa nini. Twasema kila siku kwamba haba na haba hujaza kibaba. Wazee wa safari wangaliuliza kwanza, kibaba kipi?

Hali kadhalika, mara nyingi posho ilitolewa kwa nguo. Shuka ilikuwa mikono minne, na doti ilikuwa shuka mbili. Doti moja haikatwi vipande kumi ikabaki nguo. Vitakuwa vitambaa visivyonunua kitu. Kwa hiyo watu waliokula pamoja kambini waliweza kupewa nguo nzima, wakainunulia chakula, wakagawana chakula. Hapo kugawana kulifaa, kwa kuwa wote walikuwapo na chungu kilikuwa kimoja.

Garimoshi lilifika Tabora mwaka 1912, na safari za miguu zikafa, lakini neno posho halikufa. Huko Uganda limekuwa jina la ugali wenyewe. Kwetu limepanda daraja, likawa fedha apewayo mtumishi akisafiri au akikaa kikaoni. Fungu nalo, lililokuwa chungu ya mihogo au samaki sokoni, sasa lasomwa Bungeni katika bajeti, kila Wizara na namba ya fungu lake. Na mgao, neno jema la kupewa, limekuwa habari ya kukatiwa umeme. Maneno yasafiri kama watu. Yafaa kuyauliza yametoka wapi na yamebeba nini.

Ndugu zetu Waislamu wana mfano ulio wazi zaidi. Katika mirathi yao mjane hupata thumuni ikiwa marehemu ameacha watoto, na robo ikiwa hakuacha. Sehemu hizo zimekwisha kutajwa kabla ya msiba, wala hazingoji nani atapiga makofi. Hatusemi kwamba mfuko wetu ufuate sheria ya mirathi. Twasema kwamba kipimo hutajwa kabla ya kupima.

Wako wanaosema kwamba waliokwisha kupewa msaada wa maziko wakatwe msaada huo kwanza, ndipo kinachobaki kigawanywe. Hatukubali. Msaada wa msiba haukuwa mkopo. Na aliyechangia bila kupatwa na msiba hakudhulumiwa, bali ameneemeka. Wako pia wanaotaka vichwa vyote vipate sawa. Lakini "sawa" ya aliyejiunga mwaka huu na aliyechangia miaka kumi na mmoja ni kibaba cha mfuto kwa mmoja na cha tele kwa mwingine, ingawa fedha ni ile ile.

Basi twaleta shauri letu, azimio liandikwe upya hivi: "Nusu ya salio ibaki mfukoni kwa misiba itakayokuja. Nusu ya pili wagawiwe wanachama wote waliokuwa katika daftari tangu mwanzo wa mwaka huu wa hesabu, kila mmoja kwa kadiri ya michango yake yote. Na fungu la aliyefariki katika mwaka huo wapewe warithi wake." Ni sentensi ndefu kuliko "Tugawane," nayo haitapigiwa makofi mengi. Lakini mjane akija Jumatatu, karani yeyote ataweza kufungua kitabu na kumsomea jibu lake.

Neno moja la jamaa hiyo bado hatujalitaja, nalo ni kugawanyika. Fedha ikigawanywa vibaya, wanaogawanyika ni watu. Mkutano wa robo ijayo uwe tayari, na kila mwanachama aje amekwisha kufikiri.