Mwananchi Ajue Chakula Chake Kimetoka Wapi

KATIKA maduka yetu, ya mjini na ya vijijini, mwananchi hukuta vyakula vya kutoka pande nyingi za dunia. Mchele wa Asia hukaa kando ya mchele wa Kyela. Maziwa ya unga, samaki wa makopo, tambi, biskuti za watoto na mafuta ya mawese ya Malaysia na Indonesia vyote vimepangwa kwenye rafu moja. Hapana aibu katika jambo hilo. Hakuna taifa linalojitosheleza kwa kila kitu, na biashara baina ya nchi ni jambo la tangu zamani.

Lakini mwananchi anaposhika kopo lililoandikwa kwa lugha asiyoijua, hujiuliza maswali mawili. Je, chakula hiki ni salama? Na je, kimetoka wapi? Maswali hayo si ya ukorofi, wala si dalili ya kuwachukia wageni. Ni haki ya kila anayetoa fedha yake kununua kitu atakachowalisha watoto wake. Mwenye haki hiyo hana budi apewe jibu lililo wazi, tena kwa wakati.

Jibu lisipopatikana, uvumi hukaa mahali pake. Mwishoni mwa mwaka 2016 maofisa wa forodha wa Nigeria walikamata zaidi ya magunia 100 ya mchele mjini Lagos, wakadai kwamba ni mchele wa plastiki. Habari hiyo ilienea barani kote, ikafika mpaka kwetu, na watu wakaanza kuudundisha wali chini kama mpira ili kuupima. Mchele huo ulipochunguzwa katika maabara haukuonekana kuwa wa plastiki hata kidogo. Kilichoonekana ni kwamba ulikuwa na vijidudu kupita kiwango kinachoruhusiwa. Wananchi walikuwa wameelekezwa kuogopa hatari isiyokuwapo, na hatari iliyokuwapo ikapita bila ya mtu kuitazama.

Si kwamba hofu ya wananchi daima haina msingi. Mwaka 2008 dunia ilijionea nchini China jinsi tamaa ya faida inavyoweza kuua. Wakusanyaji wa maziwa walikuwa wakiyaongeza maji, kisha wakitia melamini, kemikali inayotumika kutengenezea plastiki. Sababu ilikuwa rahisi. Kipimo kilichotumika viwandani hakikupima protini yenyewe, bali kilipima naitrojeni, na melamini ina naitrojeni nyingi. Kwa hiyo maziwa yaliyochujuka yalionekana katika kipimo kuwa ni mazito. Watoto wapatao 300,000 waliugua, wengi wao kwa mawe katika figo, na kwa hesabu ya serikali ya huko 6 walikufa.

Lililo zito kuliko yote ni kwamba uchunguzi wa serikali hiyo ulionyesha kuwa kampuni ya Sanlu ilikuwa imepokea malalamiko ya wazazi tangu Desemba 2007. Hata hivyo umma haukutangaziwa mpaka Septemba 2008. Katika miezi yote hiyo, akina mama waliendelea kukoroga maziwa yale na kuwanywesha watoto wao wachanga. Nchi nyingi zilipiga marufuku maziwa ya China baada ya hapo, Tanzania ikiwa mojawapo. Wahalifu walishtakiwa, na mwaka 2009 wawili kati yao waliuawa kwa hukumu ya mahakama. Lakini adhabu hiyo haikumrudisha mtoto hata mmoja. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Ila katika mkasa huu walioficha maradhi walikuwa watu wazima, na waliokufa ni watoto wa wengine.

Wako wanaodhani kwamba mambo ya namna hiyo hayawezi kutokea katika nchi zilizoendelea. Januari 2013 wakaguzi wa Ireland walitangaza kwamba wameikuta nyama ya farasi ndani ya bidhaa zilizouzwa kwa jina la nyama ya ng'ombe. Uchunguzi ulipoendelea, ilijulikana kwamba baadhi ya nyama hiyo ilichinjwa Romania, ikauzwa kupitia wafanyabiashara wa Cyprus na Uholanzi, ikanunuliwa na kampuni ya Ufaransa, ikapikwa kiwandani Luxembourg, ndipo ikafika katika maduka ya Uingereza. Kila aliyeipokea aliiamini karatasi ya yule aliyemtangulia. Hakuna aliyefungua boksi akapima, mpaka alipotokea mkaguzi mmoja aliyeamua kupima.

Somo la mikasa hiyo miwili ni moja. Karatasi haithibitishi usalama wa chakula, na jina la nchi peke yake halithibitishi kitu. Kujua asili ya chakula kuna faida kubwa, lakini faida hiyo si kututafutia taifa la kulaumu. Asili ni kama uzi. Chakula kikidhuru watu, uzi huo ndio utakaofuatwa mpaka kwenye shamba, kiwanda au ghala lenye kosa, na shehena iliyobaki ikaondolewa madukani kabla haijaleta msiba mwingine. Uzi ukikatika, serikali hubaki na njia mbili tu: kupiga marufuku kila kitu, au kunyamaza. Njia zote mbili humwumiza mwananchi.

Sisi wenyewe tumeonja machungu ya njia ile ya kwanza. Machi 2021 Kenya ilizuia ghafla mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na malori yakakwama Namanga. Siku chache baadaye zuio hilo liliondolewa kwa masharti, likiwamo la kila shehena kuwa na cheti cha kuonyesha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 katika sehemu bilioni moja, na la kuonyesha mahindi yalikolimwa. Wengi wetu tulikasirika. Lakini yafaa tukumbuke kwamba siku ile sisi ndio tuliokuwa "watu wa nje". Mama wa Nairobi aliyauliza mahindi yetu maswali yale yale ambayo mama wa Dar es Salaam huyauliza maziwa ya kopo. Mkulima aliyeyakausha mahindi yake vizuri aliumia pamoja na yule mzembe, kwa kuwa hapakuwa na uzi wa kuwatenganisha.

Tena tusijidanganye kwamba chakula cha nyumbani ni salama kwa sababu tu ni cha nyumbani. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumukuvu na 20 kati yao wakafa. Hawakula kitu kilicholetwa na meli. Walikula mahindi ya kwetu. Sumu hiyo hutokana na kuvu wanaoota katika nafaka isiyokauka au iliyohifadhiwa vibaya. Haionekani kwa macho, na mapishi ya kawaida hayaiondoi. Sumu haina uraia. Anayedai vya wageni vipimwe na vyetu visipimwe hamtetei mwananchi.

Ukubwa wa jambo hili haufai kupuuzwa. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika bara la Afrika watu zaidi ya milioni 91 huugua na wapatao 137,000 hufa kila mwaka kwa sababu ya chakula kisicho salama. Hivyo ni vifo vingi kuliko vya vita vingi, lakini havipigiwi baragumu, maana hutokea nyumbani kimoja kimoja.

Basi tufanye nini? Kwanza, asili ya chakula iandikwe mahali panapoonekana, na iandikwe kwa Kiswahili. Wananchi wengi wameambiwa kwamba wazitazame tarakimu za mwanzo za ile mistari myeusi iitwayo barkodi, kwamba 620 ni mali ya Tanzania na nyingine ni za kigeni. Hilo si sahihi. Tarakimu hizo huonyesha mahali namba ilikosajiliwa, si mahali chakula kilikolimwa wala kilikotengenezwa. Mtu anaweza kufungasha mchele wa Asia katika mfuko wenye namba ya Tanzania. Aidha, watu wengi hununua mchele wa kupimiwa kwa kilo na mafuta ya kupimiwa kwa chupa. Gunia likishafunguliwa na pipa likishatobolewa, jina la nchi hutupwa pamoja na kifungashio. Muuzaji alazimike kuihifadhi habari ile na kuitaja anapoulizwa.

Pili, matokeo ya vipimo yatangazwe. Tangu mwaka 2019 kazi ya kusimamia usalama wa chakula Tanzania Bara imo mikononi mwa Shirika la Viwango, ambalo liliundwa mwaka 1975. Kazi hiyo ni nzito, kwani mipaka yetu ni mirefu na bandari bubu si chache. Lakini sampuli iliyopimwa na majibu yake yakafungiwa katika jalada haimlindi mtu. Chakula kikikutwa kibovu, wananchi waambiwe jina lake, namba ya toleo lake na mahali kilipouzwa. Kikikutwa kizuri, waambiwe pia, ili uvumi ukome na mfanyabiashara mwaminifu asipoteze riziki yake bure.

Tatu, na hapa tunasema na ndugu zetu watumishi wa umma, saini ni dhamana. Ofisa wa mpakani, bandarini au ghalani anayeweka saini kwenye hati ya shehena asiyoiona, anawaambia watu mamilioni kwamba amekiona kile watakachokula. Anayepokea bahasha ili afumbe macho hatofautiani na yule aliyetia melamini ndani ya maziwa. Wote wawili wameuza afya ya watoto wasiowajua. Na mkubwa wa kazi anayemnyamazisha mkaguzi kwa kuogopa kuitia idara yake aibu, akumbuke ile miezi ya ukimya ya mwaka 2008.

Nne, ziko jikoni za shule. Julai 2013, katika jimbo la Bihar huko India, watoto 23 walikufa baada ya kula chakula cha mchana shuleni kilichopikwa kwa mafuta yenye sumu ya kuulia wadudu. Mkuu wa shule hiyo alihukumiwa kifungo mwaka 2016. Mwalimu anayepokea unga, maharage na mafuta ya shule si mtunza stoo tu. Ndiye mkaguzi wa mwisho kabla ya sahani ya mtoto. Afungue gunia na kuangalia. Asome tarehe ya mwisho wa matumizi. Amwulize mzabuni mali imetoka wapi, na aandike jibu hilo katika daftari la stoo. Chenye harufu ngeni au ukungu akikatae, hata kama siku hiyo itabidi jiko lichelewe.

Zaidi ya hayo, mwalimu anayo nafasi ambayo mkaguzi hana. Mtoto aliyefundishwa darasani kusoma kibandiko na kujua kwa nini mahindi huanikwa juu ya turubai badala ya udongo mtupu, huyapeleka mafunzo hayo nyumbani siku ile ile. Somo hilo halihitaji maabara wala fedha za kigeni.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Hatusemi milango ya nchi ifungwe, wala hatusemi kila kilichotoka nje ni sumu. Tunasema kila chakula, cha mgeni na cha mwenyeji, kiwe na kwao panapojulikana, kipimwe kwa mizani moja, na majibu yake yasifichwe. Mwananchi amekwisha kuuliza. Wenye dhamana ya kumjibu wanajulikana, na wasingoje msiba ndipo waseme.