KIMYA SI KURIDHIKA



Twasikia mara nyingi maofisini kwamba wenyeji wa mji wameridhika na kazi ya kuondosha takataka, kwa kuwa daftari la malalamiko ni tupu. Neno hili twalikataa. Daftari tupu laweza kuwa ushahidi wa mtu aliyechoka kusema. Wahenga walinena: kimya kingi kina mshindo mkuu.

Na tuyakumbuke ya Tabata, katika Dar es Salaam. Mji ulimwaga taka zake pale, zikaungua, moshi na uvundo vikaingia majumbani. Mwaka 1988 wenyeji walikwenda Mahakama Kuu, nao wakapewa haki. Je, magari yalikoma? La hasha! Halmashauri ilirudi mahakamani kuomba muda, ikaomba tena, hata jaji akaikumbusha kwamba kifungu cha 14 cha Katiba chalinda uhai wa kila mtu. Jaa lile halikufungwa ila mwaka 1991; nazo taka zikahamia Vingunguti, mlangoni pa watu wengine.

Basi ni nani aandikaye kwamba watu wameridhika? Ni sisi makarani. Twahesabu magari, twahesabu tani, twahesabu stakabadhi za ada. Lakini siku gari lisipofika hatuna mahali pa kuiandika, na mama aliyelipa ada yake huku kapu likioza uani haonekani katika hesabu yetu. Huonekana stakabadhi yake tu, nayo yasomwa kuwa ni shukrani.

Wako watakaosema kwamba mtumishi haimpasi kujitia katika ugomvi wa mji. Twawajibu: hatutaki ugomvi, twataka hesabu ya kweli. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imewatwika wakuu wa miji mzigo wa taka; nasi tusiwasaidie kuuficha.

Kwa hiyo twaomba mambo matatu. Kila daftari liwe na safu ya siku ambazo gari halikufika. Wenyeji waulizwe mitaani kwao, si kungojewa ofisini. Na mwezi usio na gari usidaiwe ada.

Ndugu zetu, jioni tukifunga daftari twarudi kulala katika mitaa ile ile. Haifai tuandike asubuhi kwamba ni safi, na usiku tufunge madirisha kwa uvundo.