Batri iliyovimba si mpira: usiitoboe, usiiuze

Jamaa za Kambove, na ninyi mliokimbia makwenu mkapokelewa huku: tuache mzaha na batri zilizovimba.

Kuna maneno yanayozunguka kwamba batri ya simu ikivimba imejaa upepo tu, itobolewe kwa sindano, upepo utoke, kazi iendelee. Ni uongo unaoweza kuchoma nyumba. Ule si upepo. Ni gesi inayotoka pale dawa za ndani zinapoharibika kwa joto, kwa kuanguka, au kwa kupewa umeme kupita kiasi. Gesi hiyo inawaka. Ukitoboa, tabaka za ndani zinagusana, joto linapanda, moto unalipuka.

Wengine watasema: umeme unakatika kila mara, tufanye nini? Tunaelewa. Lakini kufunga nyaya mbili kutoka sahani ya jua ya volti 12 moja kwa moja kwenye batri ya simu si ufundi. Batri hiyo kwa kawaida ikifika volti 4.2 imejaa, basi. Waulizeni wanaorusha ndege ndogo za rimoti, hata droni za picha za arusi. Batri ikivimba, anayejua kazi hairushi tena wala haichaji. Kama haifai kwa droni, itafaaje kwa taa iliyo kando ya godoro la mtoto?

Tufanye hivi. Weka batri juu ya meza iliyo sawa: ikizunguka kama pia, imevimba. Usichaji ukiwa umelala, wala juu ya godoro, wala karibu na turubai. Chaji juu ya tofali. Ikipata joto la kuunguza mkono, chomoa. Iliyovimba iweke nje, ndani ya chungu chenye mchanga mkavu, mbali na nyumba. Ikitoa moshi, watoto watoke kwanza. Moshi ule ni sumu.

Sasa viongozi. Kobalti ya batri nyingi za simu duniani inachimbwa katika udongo huu wetu wa Katanga. Sheria ya Madini ya 2018 inasema asilimia 15 ya redevanse irudi kwa eneo linalochimbwa. Je, katika feza hizo hapakosi za kununua pipa la chuma na mchanga kwa kila soko, na kwa kila mahali wanapoishi waliohamishwa?

Nanyi wauzaji: mnauza mpya, basi pokeeni iliyokufa. Msiirudishe mezani kwa bei ndogo. Anayeinunua ni yule asiye na franga za mpya, na mara nyingi ni yule aliyekwisha kupoteza nyumba moja. Tusimchomee ya pili.

Pipa na mchanga. Tunangoja jibu.