Mama hakosi maziwa, anakosa muda

Katika mitaa kama Manzese na Tandale jijini Dar es Salaam, mama lishe anaweza kurudi kwenye biashara mtoto akiwa hajafikisha hata miezi 2. Asipopika, nyumbani hawali. Mtoto anabaki na bibi au jirani, na akilia anapewa maji au uji mwepesi. Baada ya wiki chache mama anaanza kulalamika kuwa maziwa yake hayatoshi.

Mara nyingi tatizo si maziwa. Mwili hutengeneza maziwa kwa kadiri mtoto anavyonyonya. Akishibishwa uji, ananyonya kidogo, na maziwa nayo yanapungua. Ndiyo maana wataalamu wa afya hushauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo, bila hata maji, kisha aanze vyakula vingine huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi.

Mama anayetoka kutafuta riziki anaweza kukamua maziwa kwa mkono. Anawe kwa sabuni, akamulie kwenye chombo safi chenye mfuniko na kukiweka mahali penye ubaridi. Kama hakuna friji, maziwa hayo yasikae zaidi ya saa 4, na kwenye joto kali yatumike mapema zaidi. Mtoto anyweshwe kwa kikombe kidogo, kwa kuwa chupa ni ngumu kusafisha na huweza kumletea kuharisha. Mama akirudi, anyonyeshe mara kwa mara, hasa usiku.

Mtoto anayekojoa mara 6 au zaidi kwa siku, na ambaye uzito wake unapanda kliniki, anashiba.

Kwa aliyeajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Mama lishe hana mwajiri wa kumdai saa hizo. Zinapaswa kutoka kwa watu wake: baba achote maji na kuosha vyombo, bibi aache kuharakisha uji, dada ampeleke mtoto kibandani mchana akanyonye. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Matiti yakiuma, mama akipata homa au mtoto asipoongezeka uzito, wasisubiri ushauri wa mtaani. Waende kituo cha afya siku hiyohiyo.