Kutu ya Ndani Haina Shahidi ila Tarehe

Wazee wetu wa mwambao, waliorithishana majahazi na mashua kizazi baada ya kizazi, hawakungoja ubao uoze ndipo wautazame. Bali bamvua lilipowadia, maji yakajaa na kupwa kwa kimo kinachokaribia mita 4, chombo kilipandishwa pwani, kikatiwa gadi, kikakwanguliwa, kikapigwa kalafati kwenye maungio ya mbao, kikapakwa deheni chini na sifa ubavuni, iwe kimevuja au hakikuvuja. Hilo halikuachiwa hiari ya nahodha wala dalili za chombo, bali lilikuwa dasturi iliyofungamana na mwezi na misimu, na mwenye chombo aliyeipuuza alihesabiwa kuwa si baharia.

Boti zetu za leo, hususan zile kuukuu za faibaglasi zilizonunuliwa mtumba, zenye mashine ndani ya tezi na mguu wa gia na rafadha nje yake, mtambo wa namna ile ambayo kampuni ya Volvo Penta iliitoa mwaka 1959 kwa jina la Aquamatic na MerCruiser ikafuata mwaka 1961, zimekuja kwetu bila ya dasturi yoyote. Mwenyewe huzihudumia pale zinapokwama, na hujisifu kuwa mashine yake haijaguswa tangu aipate. Rai yangu ni kwamba sifa hiyo ni aibu, na kwamba manifoldi ya ekzosi na mguu wa rafadha vinastahili kuhudumiwa kwa tarehe, si kwa dalili, kwa sababu uharibifu wake huanzia mahali ambapo jicho halifiki.

Manifoldi ni chuma cha kusubu chenye kuta mbili: katika uwazi wake wa ndani hupita moshi wenye joto la mamia ya digrii utokao katika silinda, na baina ya kuta hizo hupita maji ya bahari yaliyovutwa na pampu ili kuupoza, kisha moshi na maji hukutana kwenye kiwiko kilicho juu yake vikatoka pamoja nje ya chombo. Chumvi na joto, vikishirikiana, hukila chuma hicho kwa ndani, na magamba ya kutu yanayobanduka huziba njia za maji, hata joto likazidi na kutu ikazidi kwa sababu ya joto. Nje, rangi ingali inang'aa. Siku ukuta utakapotoboka, au gaskiti iliyo baina ya kiwiko na manifoldi itakapoachia, maji huteremka hadi kwenye valvu na kuingia silinda. Na kwa kuwa maji hayashindiliki kama ishindilikavyo hewa, mwenye boti akipiga stata aweza kuupinda mkono wa pistoni kwa mara moja tu. Ufa ukielekea upande wa nje, shari yake ni kubwa zaidi, kwani moshi huo umebeba kaboni monoksaidi, gesi isiyo rangi wala harufu, ambayo ikijaa chumbani huwaua waliomo kabla hawajatambua kuwa wamo hatarini.

Mafundi wa mashine zinazopozwa kwa maji ya bahari yenyewe aghalabu huukadiria umri wa manifoldi kuwa miaka 5 hivi, na kuiosha kwa maji baridi baada ya kila safari huurefusha umri huo lakini hakuuondoi ukomo wake. Kwa hiyo kila mwaka kiwiko kifunguliwe, nyuso za maungio zichunguzwe kama zina michirizi ya kutu inayovuka kutoka njia ya maji kwenda njia ya moshi, na gaskiti itiwe mpya. Na muda ukitimia, manifoldi ing'olewe hata ikiwa yaonekana nzima.

Mguu wa rafadha nao una sheria zake. Metali mbalimbali zikizama pamoja katika maji ya chumvi huzalisha umeme mdogo unaoila ile iliyo dhaifu, ambayo hapa ni aluminiamu ya mguu; na dawa yake ilibainishwa na Humphry Davy mwaka 1824, alipoonyesha kuwa shaba iliyovikwa merikebu za kivita za Uingereza ingehifadhika ikiambatishwa zinki au chuma kiliwe badala yake. Zinki hiyo ndiyo tunayoifunga hadi leo, na yapasa kubadilishwa ikishalika nusu. Lakini wako wanaoipaka rangi ili ipendeze, wakaizuia isifanye kazi iliyowekewa, na wako wanaoupaka mguu wa aluminiamu ile rangi yenye shaba ya kuzuia chaza, wakauharakishia maangamizi. Mipira yenye mikunjo, inayoziba tundu la tezi unamopita mhimili, hupasuka kwa uzee, na boti ikazama nangani pasipo mtu ndani. Mshipi wa nailoni unaojiviringisha nyuma ya rafadha hukata sili, maji yakaingia katika oili ya gia ikageuka nyeupe kama tui; basi rafadha ivuliwe na mhimili utazamwe mara kwa mara, na oili ibadilishwe kila mwaka.

Najua nitajibiwa kwamba vipuri ni ghali, huagizwa ng'ambo, na mwenye boti kuukuu si tajiri. Hoja hiyo ina insafu, ila hitimisho lake si sahihi, kwa maana aliye na akiba ndogo ndiye asiyeweza kabisa kununua mashine nzima pale manifoldi moja itakapoiangamiza. Gharama inayojulikana tarehe yake yaweza kuwekewa fungu katika mapato ya kila safari. Ile inayokuja ghafla humkuta mtu mikono mitupu, na pengine humkuta katikati ya mkondo akiwa na abiria waliomwamini.

Yapasa, basi, kila boti iwe na daftari linamoandikwa siku manifoldi ilipofungwa, siku kiwiko kilipofunguliwa, na siku zinki, mipira na oili vilipobadilishwa. Mnunuzi wa boti kuukuu aliulize daftari hilo kabla ya kuuliza bei, na asipoonyeshwa akate katika bei hiyo thamani ya manifoldi mpya. Wakaguzi wa Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), wa Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar, na wenzao wa Kenya, ambao hutazama maboya na vizima moto kabla ya kutoa cheti, walitake pia daftari hili kwa kila chombo cha abiria, na kisichokuwa nalo kisipewe ruhusa ya kung'oa nanga.