Mashtaka Dhidi ya Mayweather Hayashikani

Floyd Mayweather Junior si mtu wa kumpenda, na mimi simpendi. Mdomo wake unakera, na mwaka 2012 alikaa jela kwa ukatili wa nyumbani. Kosa hilo lilikuwa na mahakama yake na hukumu yake. Hapa tunajadili ngumi: mapambano 50, ushindi 50, ubingwa wa dunia katika uzito wa aina tano, kutoka ratili 130 hadi 154. Wanaobeza rekodi hiyo wamesikika sana, nanyi hoja zao mnazijua. Kaeni basi pembeni mwa ulingo kama majaji, mtoe pointi kwa kila hoja.

Hoja inayopendwa kuliko zote ni kwamba alikuwa mkimbiaji. Ushahidi wao ni pambano la Mei 2, 2015 na Manny Pacquiao, lile lililotukalisha mbele ya runinga Jumapili asubuhi. Wanasema Pacquiao alikwenda kupigana, mwenzake akaenda kuzunguka ulingo. Kweli, Mayweather alirudi nyuma sana. Lakini CompuBox, kampuni inayohesabu ngumi, iliandika kwamba Mayweather alirusha 435 na Pacquiao 429. Zilizofika zilikuwa 148 kwa 81. Yaani anayeitwa mkimbiaji alirusha ngumi nyingi kuliko anayedaiwa kumkimbiza, na kufikisha karibu mara mbili yake. Majaji wote watatu walimpa ushindi. Aliyechoshwa na pambano lile ana haki ya kuchoka, ila kuchoka kwa mtazamaji hakuongezi pointi kwa bondia yeyote.

Tena watu hao hao hulalamika kwamba alikuwa anamkumbatia mpinzani kila anapobanwa. Waulizeni anayekimbia humkumbatiaje anayemkimbia. Hata kinga yake ya bega, aliyorithi katika familia ya mabondia, inakanusha shtaka. Bega la kushoto liko juu, kidevu kimejificha nyuma yake, mkono wa kushoto umelazwa tumboni, wa kulia uko shavuni. Ngumi inateleza begani, na kabla aliyeirusha hajarudisha mkono, wa kulia unamfikia usoni. Kinga ya namna hii haina kazi kwa mtu aliye mbali. Lazima usimame pale ambapo ngumi inakufika. Mei 2014 Marcos Maidana alimsukuma kwenye kamba na kumpiga kwelikweli, jaji mmoja akaandika sare. Miezi minne baadaye Mayweather alipanda ulingoni na Maidana yule yule.

Hakuwa na ngumi nzito? Katika ratili 147 na kwenda juu, nakubali, hakutisha. Mikono yake iliumia mara nyingi, na knockout zikapungua. Lakini rekodi haikuanzia pale walipoanza wao kutazama. Januari 2001 Diego Corrales alikuja na ushindi 33 bila kupoteza, 27 kati yake kwa knockout. Alidondoshwa mara tano, kona yake ikamwokoa raundi ya 10. Ricky Hatton naye hakuwa amewahi kushindwa hadi Mayweather alipompiga knockout Desemba 2007.

Hoja nzito zaidi ni ya umri: kwamba aliwavizia wapinzani, akawapata wakiwa wachanga mno au wamezeeka. Canelo Álvarez alikuwa na miaka 23, Shane Mosley 38, Pacquiao 36. Takwimu ni sahihi, hesabu ndiyo mbovu, kwa sababu wamesahau kuandika umri wa mtu mmoja. Usiku wa Pacquiao, Mayweather alikuwa na miaka 38. Mzee wa pambano lile alikuwa yeye. Usiku wa Canelo alikuwa na 36, mbele ya kijana mwenye mikanda miwili, ushindi 42 na sare moja. Kama miaka 36 ilimmaliza Pacquiao, ilikuwaje ikamfaa Mayweather? Wachague: ama umri unapunguza bondia, na ushindi huo dhidi ya Canelo ni mkubwa kuliko wanavyokiri, ama haupunguzi, na kisingizio cha Pacquiao kinaanguka. Vyote viwili hawavipati. Wangesema Canelo alilazimishwa kushuka hadi ratili 152, ningewapa nusu pointi.

Kuhusu kuchelewa kwa pambano la Pacquiao sina ubishi mrefu. Mazungumzo ya mwisho wa mwaka 2009 yalikwama kwenye vipimo vya damu, na ushindi wa 2015 ungekuwa mtamu zaidi ungekuja 2010. Ushindi wa 50 nao ni mapambo: Conor McGregor alikuwa hajawahi kupigana ndondi za kulipwa. Ufuteni. Zinabaki 49.

Kinachonishangaza ni walichokiacha wanaombeza. Aprili 2002 wengi walioona pambano la Mayweather na José Luis Castillo waliamini Castillo ndiye aliyeshinda. Hawalitaji sana, pengine kwa sababu wakilitaja watalazimika kuongeza kwamba mwezi Desemba mwaka huo huo alimpa Castillo pambano la marudiano, akashinda tena, safari hii kwa ubishi mdogo. Si tabia ya mtu anayechagua wanyonge.

Na Septemba 2009 alikubaliana na Juan Manuel Márquez kupigana katika ratili 144. Siku ya mizani alikuja na 146, akalipa faini ya dola 600,000 kama anayelipia maegesho, kisha akampiga mtu aliyetoka uzito mdogo na ambaye kwenye mizani alikuwa na ratili 142. Hilo ni shtaka ambalo lingeshinda mbele ya majaji wowote. Ajabu ni kwamba wanaombeza, kwa kung'ang'ania kwamba alikimbia, ni nadra kulifikisha ulingoni.